Kidonge cha presha kinazuia kalsiamu, sasa kwa nini mjamzito anapewa kalsiamu ili presha isipande?

Chukua nyumba moja tu ya kawaida, iwe Jang'ombe ya Unguja au iwe Wete ya Pemba, bibi ana presha miaka mingi anameza amlodipini kila siku, na humo humo ndani mkaza mwanawe ana mimba ya miezi mitano, kliniki kaandikiwa vidonge vya kalsiamu na kaambiwa vitamsaidia presha isimpande. Sasa anatokea mtu pale nyumbani anaesoma soma kwenye simu, anagundua kwamba ile dawa ya bibi imo kwenye kundi la dawa zinazozuia kalsiamu. Hapo ndo mambo yanapoharibika. Bibi anakatazwa maziwa, anakatazwa mtindi, anakatazwa dagaa, manake ati kalsiamu inapandisha presha, na yule mjamzito nae anaanza kuviogopa vidonge vyake anavisukumia nyuma ya kabati. Wote wawili wameshapotezwa, na aliewapoteza alikuwa anawatakia kheri.

Jambo lenyewe halina mgongano ukilifuata pole pole. Kalsiamu ni ile ile moja, ila kazi yake inategemea iko wapi, na hapo ndo watu wengi wanapopotea.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu karibu kilo nzima, na asilimia 99 ya hiyo imo kwenye mifupa na meno. Ile asilimia moja iliobaki ipo kwenye damu na majimaji yanayozunguka seli, na kidogo mno imo ndani ya seli zenyewe. Kidogo kweli kweli, kwa sababu nje ya seli kalsiamu ni nyingi kama mara 10,000 kuliko ndani. Sasa ukuta wa mshipa wa damu una misuli midogo imeuzunguka, na misuli ile inakaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Ikikaza, mshipa unabana, njia inakuwa nyembamba, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu, presha inapanda. Kalsiamu ikitolewa tena nje misuli inalegea na mshipa unafunguka. Mtu wa pwani hili halimpi shida, bahari ikiwa nje ya ngalawa ndo inayoibeba, maji hayo hayo yakiingia ndani kila mtu anashika kata anayatoa mbio mbio.

Amlodipini na nifedipini kazi yake ni kuziba vile vijimlango ambavyo kalsiamu inapitia kuingia kwenye misuli ya mshipa. Basi, hapo hapo. Haziitoi kalsiamu kwenye damu, haziigusi ya kwenye mifupa, na hazina ugomvi na kalsiamu ya kwenye sahani. Na glasi ya maziwa haiendi moja kwa moja kwenye ukuta wa mshipa ikaanza kugonga milango, kwa sababu kiwango cha kalsiamu kwenye damu mwili unakishikilia pale pale, kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita, umekunywa maziwa au hukunywa. Kuna habari moja ya kweli ambayo huenda ndo imezaa ule uvumi, kwamba spitali mtu akizidisha sana dozi ya dawa hizi hupigwa sindano ya kalsiamu ya mshipa ili kuvuta presha juu. Lakini ile ni sindano inaingia kwenye damu kwa mkupuo, mbele ya daktari, kwa mtu aliekwishazidiwa. Maziwa yanapita tumboni, yananyonywa kidogo kidogo, na mwili unayapanga wenyewe. Kama kuna kitu cha kuchunga kwenye dawa za kundi hili basi ni balungi, juisi yake inaweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini, khasa nifedipini, lakini mtindi hauna kosa lolote.

Sasa twende kwenye lile linaloshangaza zaidi, kwamba anaekula kalsiamu kidogo ndie ambae mishipa yake huwa na tabia ya kukaza.

Shingoni, nyuma ya tezi la koo, mtu ana vitezi vinne vidogo kama punje, vinaitwa vitezi vya parathiroidi. Kazi yao ni kuichunga kalsiamu ya kwenye damu. Chakula kikileta kidogo, damu ikaanza kupungukiwa hata kwa kiasi kisichoonekana kwenye kipimo, vitezi hivi vinamwaga homoni. Homoni ile inaiambia mifupa itoe kalsiamu, inaziambia figo ziizuie isitoke na mkojo, na inazihimiza figo hizo hizo kuigeuza vitamini D kuwa ya nguvu ili utumbo unyonye zaidi. Kazi nzuri sana hiyo, bila yake moyo ungesimama. Tatizo lipo kwenye pembeni yake, kwa sababu homoni hizi mbili, ile ya parathiroidi na vitamini D iliopewa nguvu, zikikaa juu muda mrefu zinazifanya seli za misuli ya mishipa nazo ziingize kalsiamu zaidi ndani. Kwa hivyo mtu kakosa kalsiamu kwenye chakula, halafu mishipa yake ndo inajaa kalsiamu ndani ya seli na kubana. Hii ndo maelezo yanayotegemewa zaidi na wataalamu, na kuna mengine yanakwenda sambamba nayo, kwamba kalsiamu ya kutosha inazisaidia figo kuitoa chumvi, na kwamba ukosefu wake unachangamsha ile mifumo ya homoni za figo inayopandisha presha.

Kwa hivyo vita si vya kuikimbia kalsiamu ya chakula. Ila msije mkaruka upande wa pili mkasema basi dawa ya presha tumeipata, tukanunue vidonge vya kalsiamu famasi tuache amlodipini. Hapa nnaomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wanakufa kwa kuacha dawa.

Habari hii ilipata moto mkubwa mwaka 1984, pale mtafiti wa Marekani anaeitwa David McCarron na wenzake walipochapisha uchambuzi wa vyakula vya watu wazima zaidi ya 10,000 wa nchi ile, wakaona wenye presha walikuwa wanakula kalsiamu kidogo kuliko wasio nayo. Makelele yakawa mengi, wengine wakasema chumvi imesingiziwa miaka yote, wengine wakazichukua takwimu zile zile wakazichambua vyengine wakapata majibu tofauti. Na shida ya utafiti wa aina ile ni kwamba anaekunywa maziwa hanywi kalsiamu peke yake, ndani ya maziwa mna potasiamu, mna magnesiamu, mna protini, na huenda mtu huyo huyo anakula na matunda na ana uwezo wa pesa na hafanyi kazi za kumvunja mgongo. Utasemaje ni kalsiamu?

Ndo wakaanza kujaribu kwa vidonge. Kundi moja linapewa kalsiamu, kundi jengine linapewa kidonge kitupu kisicho na dawa, mtu hajui kapata kipi, halafu presha inapimwa. Yamefanyika majaribio mengi sana, na uchambuzi mmoja wa mwaka 2006 ulikusanya 40 kwa pamoja. Jibu likawa kwamba presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza kwenye kipimo, ilishuka, lakini kwa wastani haikufika hata alama 2. Wale waliokuwa wanakula kalsiamu kidogo tangu mwanzo, chini ya miligramu 800 kwa siku, walipata zaidi kidogo, kama 2.6. Mtu presha yake ni 165 kwa 100, ukamshushia 2, umemtibu nini? Kwa nchi nzima ukishusha alama mbili kwa kila mtu ni faida kubwa, viharusi vinapungua, lakini kwa mgonjwa mmoja alielala kitandani hiyo si dawa na haitokuwa dawa.

Halafu mwaka 1997 ukatoka utafiti ambao mie nnaona ndo uliolituliza jambo. Walichukuliwa watu 459 Marekani, wakapikiwa kila kitu wiki nane, chumvi ikawa sawa kwa wote na uzito haukuachiwa kubadilika. Kundi la kwanza lilikula chakula cha kawaida cha Wamarekani. Kundi la pili likaongezewa matunda na mboga kwa wingi, lakini kalsiamu ikabaki ndogo kama ya kundi la kwanza, karibu miligramu 450 kwa siku. Kundi la tatu likapata matunda, mboga, na juu yake maziwa na mtindi usio na mafuta mengi, kalsiamu ikapanda mpaka kama 1,240, na mafuta ya wanyama yakapunguzwa. Kundi la pili presha ya juu ilishuka 2.8 zaidi kuliko la kwanza. Kundi la tatu likashuka 5.5, na ukiwachukua wale waliokuwa tayari na presha peke yao walishuka 11.4. Alama 11 kwa chakula tu! Hicho ni kiasi ambacho unakipata kwa kidonge kimoja cha presha. Sasa je ni kalsiamu iliofanya hayo? Sehemu yake, ndio, lakini ikiwa imeshikana mikono na potasiamu ya ndizi na magnesiamu ya mboga na kupungua kwa mafuta. Ukiitoa kalsiamu ukaitia kwenye kidonge peke yake inarudi kwenye zile alama mbili. Kinachofanya kazi ni sahani nzima.

Na sahani yetu sisi ikoje? Hapa nnataka kukaa kidogo, kwa sababu Unguja na Pemba tuna imani moja kwamba tumezungukwa na bahari, tunakula samaki, kwa hivyo kalsiamu tunayo. Wallahi hapana. Jodari, nguru, changu, nyama yake haina kalsiamu ya maana, kalsiamu ya samaki imo kwenye mifupa, na mifupa ile tunawapa paka. Pweza vilevile, mzuri kwa mambo mengi lakini kwa hili usimtegemee. Tui la nazi nalo linawadanganya watu kwa weupe wake, gramu 100 za tui zina kalsiamu kama miligramu 16 tu, wakati maziwa ya ng'ombe kiasi hicho hicho yana kama 120. Wali hauna, muhogo una kidogo sana. Kwa hivyo sahani ya wali wa nazi na kipande cha jodari, chakula kitamu cha mchana ambacho kila mtu anashiba, haifiki hata miligramu 100, na mtu mzima anatakiwa apate kama 1,000 kwa siku. Chai ya maziwa ya asubuhi nayo ukiitazama maziwa yaliomo ni kijiko kijiko cha kuibadilisha rangi. Supu ya mifupa pia ina sifa ambayo haistahiki upande huu, mfupa unachemka usiku kucha lakini kalsiamu inayokubali kuingia kwenye mchuzi ni ndogo, ingawa kinywa kinasema vyengine.

Anaetuokoa ni dagaa. Huyu analiwa mzima na mifupa yake na kichwa chake, na kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinaweza kulingana na glasi ya maziwa au kuipita. Lakini dagaa wetu ana jambo lake ambalo lazima lisemwe. Anaekwenda Mangapwani au Mkokotoni anaona wenyewe, dagaa wakishatolewa kwenye boti wanachemshwa kwenye maji ya chumvi, khasa na kina mama, ndo wanaanikwa, kisha wengi wanasafirishwa mpaka Kongo. Ile chumvi ndo inayowahifadhi, bila yake biashara haipo, hakuna wa kulaumiwa. Ila ukimtia kwenye chungu kama alivyo, na wewe ukaongeza chumvi yako ya mazoea na kidonge cha supu juu yake, umekula kalsiamu na chumvi kwa mkono mmoja.

Na chumvi na kalsiamu hazikai vizuri. Chumvi inapandisha presha kwa njia yake, hilo kila mtu keshaambiwa kliniki, lakini kuna la pili halisemwi sana, kwamba figo zikiwa zinaitoa chumvi na kalsiamu nayo inatoka na mkojo. Kila gramu 6 hivi za chumvi zinazopita, yaani kijiko cha chai kimoja, zinaondoka na kama miligramu 40 za kalsiamu. Utasema 40 ni kidogo, lakini kumbuka tumboni hatunyonyi kalsiamu yote tunayokula, tunanyonya kama theluthi, kwa hivyo kuzirudisha zile 40 unahitaji kula kama 120 nyengine. Kwa mtu ambae kwa siku nzima anapata 400 au 500, hilo ni pigo. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, na hapo inahesabiwa yote, ya kwenye ng'onda, ya kwenye papa mkavu, ya kwenye boflo, ya kwenye achari, sio ile ya kunyunyizia tu.

Kwa hivyo dagaa waroweke kwenye maji ya moto, uyamwage, uwasuuze tena mara ya pili, halafu uwapike na tungule na kitunguu na ndimu, chumvi usitie kabisa mpaka uonje. Mifupa yao haiyeyuki kwa kuroweka, kalsiamu inabaki, chumvi ndo inayokwenda na maji. Ukiwapata wabichi ni bora zaidi. Na usiwakate vichwa kama unaweza kuvumilia uchungu wake.

Mboga za majani zinataka maelezo kidogo kwa sababu kwenye karatasi mchicha unaonekana una kalsiamu nyingi kupita maziwa. Ni kweli imo, lakini imefungwa na kitu kinaitwa oksaleti, utumbo unashindwa kuifungua, inapita inatoka. Mchicha kula kwa ajili ya potasiamu na magnesiamu yake ambayo kwa presha ni nzuri sana, lakini kalsiamu yake usiipigie hesabu kubwa. Chainizi na sukuma wiki ni tofauti, oksaleti zao ni ndogo, kalsiamu yao inanyonyeka vizuri hata kuliko ya maziwa, ila lazima ule nyingi. Majani ya mlonge yana kalsiamu ya kutosha pia. Ufuta unayo nyingi lakini unaopakwa juu ya mkate ni wa kuhesabika, na unga mweupe wa ubuyu nao unayo, ukiutia kwenye uji ni jambo zuri, sio ule ubuyu wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari ambao watalii wanabeba.

Wale ambao maziwa yanawanguruma tumboni, na ni wengi kwetu, hawana haja ya kujilazimisha. Mtindi unavumilika zaidi kwa sababu sukari ya maziwa imeshaliwa kwa sehemu na vijidudu vinavyougandisha. Kikombe kimoja mchana au wakati wa daku, bila ya kuujaza sukari, kinatosha kuibadilisha hesabu ya siku. Na vitamini D inahitajika ili kalsiamu inyonywe, jua tunalo la bure, kina mama wanaojistiri wanaweza kukaa uani mikono na miguu ikapata jua kidogo, lakini vidonge vya vitamini D kwa ajili ya kushusha presha majaribio hayajaonesha faida, kwa hivyo pesa hiyo bora inunue mboga.

Haya, sasa mjamzito. Hapa hadithi inageuka kabisa na hapa ndo nnapotaka kila mume na kila mama mkwe asome.

Mwaka 1980 madaktari wawili wa Amerika ya Kusini, José Belizán na José Villar, walilitazama jambo la ajabu Guatemala. Wanawake wa Kimaya kule walikuwa maskini, lishe yao duni, walitarajiwa wawe na kifafa cha mimba, yaani degedege inayoletwa na presha ya mimba, kwa wingi, lakini walikuwa nacho kidogo. Wakaangalia wanakula nini, wakakuta mahindi yao yanarowekwa na kuchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na chokaa ni kalsiamu. Ethiopia nako ilionekana kifafa cha mimba ni kichache, na nafaka yao ya tefu ina kalsiamu nyingi. Wakatoa wazo kwamba ukosefu wa kalsiamu ndo unaochangia presha ya mimba. (Msije mkasema basi tutafune tambuu kwa kuwa ina chokaa, popoo yenyewe inasababisha saratani ya kinywa, hilo limeshathibitishwa.)

Wazo likajaribiwa. Wamarekani wakafanya jaribio kubwa lililotoka 1997, wajawazito 4,589, nusu wakapewa gramu 2 za kalsiamu kila siku, na hapakuwa na tofauti yoyote. Watu wakataka kulizika jambo. Lakini wanawake wale walikuwa tayari wanakula kalsiamu ya kutosha, zaidi ya miligramu 1,000 kwa siku, hawakuwa na pengo la kuzibwa. Shirika la Afya Duniani likafanya jaribio lake, likatoka 2006, wanawake 8,325 kutoka sehemu ambazo kalsiamu ya chakula ni chini ya 600, zikiwemo Misri, India, Afrika Kusini. Pale idadi ya waliopandwa na presha ya mimba haikupungua sana, lakini waliofikia kudondoka na kifafa na kupata madhara mazito walipungua, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Tafiti zote za dozi ya gramu moja na zaidi zilipowekwa pamoja, hatari ya presha ya mimba inayoharibu figo ilishuka kwa karibu nusu, na waliofaidika zaidi ni wanaokula kalsiamu kidogo. Yaani sisi.

Kwa hivyo tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku kwa wajawazito wa nchi zenye upungufu. Tatizo lake ni vidonge vikubwa vitatu au vine kila siku juu ya vile vya chuma, mwanamke mwenye kichefuchefu atavimaliza vipi, na serikali itavinunua vipi? Swali hilo limejibiwa karibu na sisi hapa hapa. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa 2024 uliwashughulikia wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza Dar es Salaam na 11,000 wengine India, nusu wakapewa miligramu 500 na nusu 1,500. Kwa Dar es Salaam waliopata presha ya mimba walikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa, tofauti ambayo kwa hesabu zao haina uzito. Kidonge kimoja kililinganishwa na vitatu. Kwenye kujifungua kabla ya wakati majibu ya Dar hayakuwa wazi hivyo, dozi kubwa ilikuwa mbele kidogo, kwa hivyo kama kliniki wamekuandikia vitatu usipunguze mwenyewe, uliza. Lakini kama unapata kimoja tu au unakimudu kimoja tu, kimeze, usiseme bora niache vyote.

Sababu ya kuwa na pupa na jambo hili ni kwamba presha ya mimba haina maumivu inapoanza. Baada ya wiki 20 inapanda kimya kimya, mkojo unaanza kutoa protini, halafu siku moja kichwa kinauma sana hakisikii dawa, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu yanashika juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono inavimba, na baada ya hapo ni degedege. Mwanamke akitikisika akiwa na mimba, au hata baada ya kujifungua, watu wa nyumbani wanaweza kudhani ni mashetani, na hapo muda unapotea. Nnaomba kwa dhati, apelekwe spitali kwanza, kisomo kifanyike njiani, hakuna anaekataza dua. Spitali kuna sindano ya magnesiamu salfeti inayoikata degedege na kuzuia irudi, inafanya kazi, lakini inataka mtu afike. Kwa aliepo Tumbatu au Kojani ambako kuna maji ya kuvuka, mipango ya chombo ifanywe mapema mimba ikiwa bado changa, sio usiku wa manane. Na kalsiamu haichukui nafasi ya kwenda kupimwa, kila kliniki presha ipimwe na mkojo upimwe, 140 kwa 90 ikifika si ya kusubiri.

Kwa wasio na mimba vidonge vya kalsiamu vinataka tahadhari kidogo ambayo chakula hakihitaji. Mwenye presha anaetumia vidonge vya kukojoza vya kundi la thiazaidi, kwa mfano haidroklorothiazaidi, figo zake tayari zinaizuia kalsiamu isitoke, akiongeza dozi kubwa ya vidonge pamoja na vitamini D kalsiamu ya damu inaweza kupanda kweli, na ikipanda kwenye damu presha nayo inapanda. Mwenye maradhi ya figo aulize kabla hajameza hata kimoja. Mwenye mawe ya figo asiikimbie kalsiamu ya chakula, kwa kuwa inaifunga oksaleti tumboni isifike kwenye figo, ila vidonge ndo vinaweza kumuongezea. Kuna na watafiti wa New Zealand walioonesha kuanzia 2008 kwamba kina mama watu wazima waliomeza vidonge vya kalsiamu walipata mshtuko wa moyo zaidi, wengine wakawapinga na ubishi bado upo, lakini kwa kalsiamu ya chakula hatari hiyo haikuonekana.

Kwa anaevimeza kwa sababu kaandikiwa, avigawe, utumbo hauwezi kunyonya vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, na avimeze na chakula. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu visikutane tumboni kwa sababu kalsiamu inakizuia chuma kunyonywa, waachanishe saa kadhaa, chuma asubuhi na maji au juisi ya chungwa, kalsiamu baada ya chakula cha mchana na cha usiku, na chai ya rangi nayo ikae mbali na kile cha chuma.